Fortunata na Mimba ya Mzee Tawakali

Barua ya ajira ilimtaja Fortunata Dominick kama Afisa TEHAMA. Kazini aliitwa "dada wa printa". Mwaka wa nne sasa alikuwa katika hospitali moja ndogo ya watu binafsi pale Kilwa Masoko, ambayo jina lake tunalisitiri, na kwa miaka yote hiyo utaalamu wake ulikuwa umetumika ipasavyo: kubadilisha wino, kuwasha projekta kabla ya vikao na kumkumbusha Katibu wa hospitali, Bwana Ahmadi, neno lake la siri, ambalo lilikuwa jina la Bwana Ahmadi.

Chuo alisomea Dar es Salaam, akafanya kazi miaka mitatu kwa watu waliotengeneza mita za maji. Huko alikuwa akiandika zile programu ndogo zinazokaa kati ya kompyuta na kifaa, zinazoiambia kompyuta jinsi ya kuongea na kitu kilichochomekwa. Mafundi huziita draiva. Mama yake alipougua, akarudi kusini ili awe karibu na nyumbani kwao Rutamba. Nyumbani walifurahi sana, kwa sababu simu zote za ukoo zilizokuwa hazichaji zilipata mtu.

Mkasa wake ulianza kwa mashine ya ultrasaundi. Ile ya zamani ilikuwa na kompyuta kubwa kama sanduku la nguo, inayonguruma, na uongozi ukaona aibu. Kampuni iliyoiuza ikaleta kompyuta mpya ya ukubwa wa kiganja, isiyonguruma hata kidogo. Utepe ukakatwa. Hotuba zikasomwa. Fortunata hakualikwa kwenye meza kuu, lakini aliitwa kipaza sauti kilipokata.

Mpiga picha wa mashine hiyo alikuwa Nusaiba, mwanamke mpole wa Masoko aliyeishika kazi hiyo miaka kumi na miwili. Yeye hupitisha kifaa tumboni, anaangalia kioo, na akipata sura anayoitaka anabonyeza kitufe. Picha inatunzwa, inachapishwa, na karatasi inakwenda chumba cha pili kwa Daktari Majid, ambaye ndiye msomaji. Utaratibu ulikuwa safi: aliyemwona mgonjwa hatoi majibu, na anayetoa majibu hajamwona mgonjwa.

Jumatatu moja, siku ya kliniki ya wajawazito, akaja Mzee Tawakali. Ni mvuvi mstaafu wa Kilwa Kisiwani, miaka sitini na tisa, amevuka kwa boti asubuhi kwa sababu haja ndogo ilikuwa inamtesa. Wakampenyeza kati ya akina mama. Dakika chache baadaye Daktari Majid akawa ameishika karatasi, akiisogeza karibu na macho, kisha mbali.

"Mzee wangu," akasema mwishowe, "hii picha ina kichwa cha mtoto."

Mzee Tawakali hakushtuka. Ameona mengi baharini.

"Wa miezi mingapi, daktari?"

"Kwa kipimo cha kichwa, kama saba."

"Basi nitahitaji kuwaambia wake zangu," mzee akasema. "Watataka kujua ni wa nani."

Daktari Majid hakucheka. Alimwita Nusaiba. Nusaiba akasema alichokiona kwenye kioo ni kibofu kilichojaa na tezi iliyovimba, na hakuna mtoto. Daktari akamwonyesha karatasi. Nusaiba akasema karatasi inasema uongo. Hapo ndipo alipokosea, maana katika taasisi ile watu waliruhusiwa kusema uongo, karatasi hazikuruhusiwa.

Katibu akafanya uchunguzi uliochukua robo saa. Akabaini kwamba Nusaiba alichanganya karatasi za wagonjwa. Akampa barua ya onyo. Akaamuru pia picha yenyewe ifutwe kwenye kompyuta, kulinda heshima ya taasisi. Mzee Tawakali akarudi kisiwani na karatasi yake mfukoni na tezi yake palepale, na kabla ya swala ya adhuhuri kisiwa kizima kilikuwa kimeshamuuliza kama ameanza kutamani udongo.

Nusaiba akaenda kwa Fortunata. Hakwenda kulia. Alikwenda kuomba printa iangaliwe.

"Dada, mimi sikuchanganya karatasi," alisema. "Na siyo mara ya kwanza. Kioo kinaonyesha kitu kizima, nikibonyeza, karatasi inatoka na viraka. Mara nyingine kiraka kidogo tu, naacha."

"Viraka vya namna gani?"

"Vipande vya mtu mwingine."

Fortunata akaipigia simu kampuni. Mhandisi wa kule Dar akamsikiliza kwa huruma kubwa, kisha akamweleza kwamba pwani kuna unyevu. Fortunata akasema chumba kina kiyoyozi. Mhandisi akasema basi ni chumvi. Hata hivyo alikuja wiki iliyofuata, akapima mgonjwa mmoja kwa nusu saa, polepole, kila picha ikatoka safi. Akasaini fomu kwamba mashine haina tatizo, akanunua pweza mkavu sokoni, akaondoka.

Picha ilishafutwa. Nakala pekee ilikuwa mfukoni mwa Mzee Tawakali. Fortunata akaomba ruhusa ya siku moja, akavuka kwenda Kisiwani.

Alimkuta barazani akishona wavu wa mtu mwingine.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunipima tena au umeleta nguo za mtoto?"

"Nimekuja kuomba kuiona karatasi."

Mzee akaukata uzi wa wavu. Tangu siku ile, alisema, hajaenda msikitini kwa njia ya kawaida; anazunguka nyuma ili asipite kibandani kwa wauza kahawa. Maumivu yapo. Hospitali harudi. Alisema hayo bila kunung'unika, kama anataja bei ya dagaa, na Fortunata, aliyekuwa amevuka kwa ajili ya karatasi tu, akajisikia vibaya kwamba hakuwa ameuliza habari za maumivu kwanza.

Karatasi aliitunza ndani ya msahafu wa zamani wa baba yake, labda kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pasipofikiwa na wajukuu. Fortunata akaipiga picha kwa simu, akaikuza. Kichwa cha mtoto kilikuwepo kweli, lakini hakikuwa kizima. Kilikuwa kimekatwa katika vipande vya mstari, na kila kipande kilianza na kuishia mahali palipopangwa kama kwa rula. Akaanza kuhesabu nukta. Sitini na nne. Akahesabu kipande kingine. Sitini na nne. Cha tatu hivyohivyo.

"Umepata nini?" mzee akauliza.

"Mzee, huna mimba."

"Alhamdulillahi," akasema Mzee Tawakali, na kuendelea na wavu.

Mtu akichanganya karatasi, hachanganyi nukta sitini na nne kwa sitini na nne. Chumvi nayo haijui kuhesabu. Fortunata alishajua pa kuangalia. Ndani ya boksi la ile kompyuta mpya, ambalo Katibu alilihifadhi kwa sababu ni boksi zuri, kulikuwa na bahasha ambayo haikuwahi kufunguliwa. Mle mlikuwa na maandishi yote ya programu ya mashine, kwa kuwa sehemu yake ilijengwa juu ya programu huria na masharti yake yanamtaka muuzaji atoe maandishi hayo kwa mnunuzi. Kampuni ilitimiza sharti kwa uaminifu, ikijua hakuna atakayesoma.

Akasoma siku nne, katikati ya kubadilisha wino.

Jambo lenyewe, alivyolieleza baadaye kwa Katibu, lilikuwa hivi. Picha ikitoka kwenye kifaa, inaandikwa moja kwa moja kwenye kumbukumbu kuu ya kompyuta, bila kumpitia prosesa, yaani ule ubongo unaofanya kazi zote. Lakini prosesa ni mvivu wa kutembea. Akishasoma kitu kwenye kumbukumbu kuu, anajinakilia kwenye daftari lake dogo la pembeni, vipande vya nukta sitini na nne, ili mara ya pili asiende mbali. Mgonjwa mwingine anakuja, picha mpya inaandikwa palepale pa zamani, prosesa hana habari. Anasoma daftari lake. Vipande vilivyokwishafutika kwenye daftari anavifuata upya, vile vilivyobaki ni vya mgonjwa aliyepita.

"Kwa hiyo inasoma habari za jana," Katibu akasema.

"Za dakika nne zilizopita. Ndiyo maana siku za foleni ndizo zenye viraka. Akija mhandisi na mgonjwa mmoja, daftari linakuwa limeshajaa mambo mengine, picha inatoka safi."

"Na ile ya zamani?"

"Ile ya zamani, mitambo yenyewe ilikuwa inamwambia prosesa kwamba kitu kimebadilika. Hii ndogo haimwambii. Inategemea draiva imwambie. Walichukua draiva ya ile kubwa wakaihamishia humu kama ilivyo. Tatizo ni draiva."

Bwana Ahmadi akaandika neno hilo kwenye shajara yake na kulipigia mstari. Mchana huo Ismaili, dereva wa gari la wagonjwa, akaletewa barua ya kutakiwa ajieleze kwa maandishi, ndani ya siku saba, kwa nini asichukuliwe hatua kuhusiana na hitilafu ya mashine ya ultrasaundi.

Ismaili alikuja kwa Fortunata na barua mkononi. "Dada, mimi chumba kile sijawahi kuingia. Mke wangu tu aliingia, mwaka juzi."

Wakaandika maelezo pamoja. Yakapokelewa, yakagongwa muhuri, yakawekwa kwenye faili. Hakuna aliyeyajibu mpaka leo.

Ruhusa ya kurekebisha ikatoka baada ya wiki mbili, kwa sharti kwamba Fortunata asifungue mashine. Hakuwa na haja ya kuifungua. Aliongeza mstari mmoja unaomlazimisha prosesa atupe nakala zake za picha ile kabla ya kuisoma. Jumatatu iliyofuata wakapita wagonjwa thelathini na mmoja, kiraka hakikuonekana hata kimoja. Nusaiba alimletea bakuli la maandazi. Katibu alitangaza kwenye kikao kwamba uongozi umetatua tatizo. Fortunata, aliyekuwa nyuma akishika waya wa projekta ambao haukai vizuri, alijisikia mkubwa kwa mara ya kwanza tangu aondoke Dar.

Ukubwa huo ulidumu siku tisa.

Siku ya kumi akaja Warda, msichana wa miaka ishirini na tatu, mimba yake ya kwanza, wiki ya kumi na sita. Alikuwa ameona damu kidogo, ana hofu. Nusaiba akampima, akatabasamu, akabonyeza kitufe. Karatasi ikaenda kwa Daktari Majid. Tumbo lilikuwa tupu. Hakukuwa na viraka. Ilikuwa picha safi, kamili, nzuri kabisa, ya kizazi kisicho na kitu.

Daktari hakuwa mtu mbaya. Aliangalia karatasi, akakumbuka damu, akaunganisha, kama ambavyo wewe na mimi tungeunganisha. Akaanza kuandika kwamba mimba imetoka na mgonjwa aandaliwe kusafishwa. Warda alikuwa kwenye benchi la nje na mama yake, anasubiri kuitwa.

Nusaiba akaiona fomu ilipopita mikononi mwake. Akasimama mlangoni pa daktari.

"Daktari, moyo nimeuona unapiga."

"Nusaiba, una barua ya onyo tayari."

"Ninayo. Na moyo nimeuona."

Daktari akanyoosha karatasi. "Hii ina viraka? Si mmesema viraka vimeisha?"

Nusaiba hakubishana. Alitoka akakimbia korido nzima, viatu mkononi, mpaka kwa Fortunata aliyekuwa chini ya meza ya mapokezi akitafuta waya. Fortunata akaitazama karatasi, akaigeuza, akaitazama tena. Mwanzoni mashine ilikuwa inadanganya kwa viraka, na kila mwenye macho aliweza kuona kwamba inadanganya. Yeye ameitengeneza, sasa inadanganya bila doa.

"Kabla ya huyu ulimpima nani?"

"Mama mmoja wa Njinjo. Tumbo linamuuma tu, hana mimba."

Walirudi wote wawili. Fortunata, aliyekuwa na desturi ya kusema "samahani" kabla ya kila sentensi, safari hii aliisahau. "Daktari, njoo utazame kioo mwenyewe. Usitazame karatasi. Dakika mbili tu."

"Mimi si mpiga picha."

"Njoo hivyohivyo."

Daktari Majid akaingia chumba ambacho hakuwa amekiingia tangu siku ya kukata utepe. Warda akalala tena, mama yake amemshika mkono, hawajui kwa nini wameitwa mara ya pili. Nusaiba akapaka jeli, akaweka kifaa. Kwenye kioo mtoto alikuwa amelala upande, mguu mmoja juu, na kifuani mwake kitu kidogo kikipepesa haraka haraka.

"Vipi?" Warda akauliza.

"Mzima," Daktari Majid akasema. Akaichukua ile fomu, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa koti, na akaenda kukaa chumbani kwake mlango umefungwa. Inasemekana wagonjwa walisubiri saa nzima. Kwa upande wake lilikuwa jambo la heshima kuliko lolote alilolifanya mwezi huo.

Fortunata alilia chooni, akanawa uso, akarudi kwenye maandishi.

Kosa la pili lilikuwa limejificha nyuma ya la kwanza. Kifaa kilikuwa na sehemu mbili za kuwekea picha, kinazitumia kwa zamu. Kikimaliza, kwanza kinaandika picha ipo sehemu gani, kisha kinapandisha alama ya "tayari". Draiva iliandikwa vizuri: tazama alama, ikiwa tayari, soma ni sehemu gani. Lakini prosesa za siku hizi hazifuati maandishi kwa mpangilio. Akiona kazi ya chini anaweza kuitanguliza, anaitanguliza, ilimradi hesabu zake mwenyewe zisiharibike. Kwa hiyo mara moja moja alisoma kwanza "ni sehemu gani", akapata jibu la zamani, ndipo akatazama alama, akakuta ni tayari. Akaenda kwa mgonjwa aliyepita kwa moyo mkunjufu. Na kwa kuwa Fortunata alishamfundisha kutupa daftari lake, aliileta picha hiyo ikiwa safi kabisa.

Dawa yake ni amri moja ambayo mafundi huiita kizuizi: chochote kilicho chini ya hapa kisisomwe mpaka cha juu yake kiwe kimeshasomwa. Ni neno moja na mabano mawili.

Safari hii hakumwamini mtu, hasa yeye mwenyewe. Jumamosi asubuhi, hospitali ikiwa imetulia, yeye na Nusaiba walileta papai na puto lililojaa maji. Papai, puto, papai, puto, kitufe kila mara. Bila kizuizi, katika picha mia nne, mara tatu papai lilitoka likiwa puto. Wakaweka kizuizi, wakaanza upya. Kwenye picha ya mia sita na kitu mlango ukafunguka, Bwana Ahmadi akasimama akitazama papai lililopakwa jeli.

"Lina tatizo gani?" akauliza.

"Halina, Bwana Ahmadi," Nusaiba akajibu. "Mpaka sasa."

Walifika elfu moja na mia mbili bila kosa. Jumatatu likatoka tangazo ubaoni kwamba vifaa vya hospitali visitumike kwa matunda.

Fortunata aliituma mistari yake miwili kwa kampuni, na maelezo ya kurasa tatu. Mhandisi akajibu baada ya mwezi kwamba wanashukuru kwa maoni. Wiki iliyofuata kampuni ikatangaza toleo jipya la programu, "lililoboreshwa kwa mazingira ya pwani yenye unyevu", na mistari miwili ilikuwa ndani yake, hata kosa la tahajia alilolifanya kwenye maelezo pembeni limeachwa lilivyo. Uongozi wa hospitali ukaletewa cheti cha ushirikiano chenye fremu. Fortunata ndiye aliyeombwa akitundike, kwa kuwa ana bisibisi.

Alimwomba Katibu aiondoe barua ya onyo ya Nusaiba. Katibu akaeleza kwa masikitiko kwamba ipo fomu ya kutoa onyo, lakini ya kuliondoa haipo, na kuitunga kunahitaji kikao. Barua ipo faili moja na maelezo ya Ismaili.

Mzee Tawakali ilibidi afuatwe. Daktari Majid alikwenda mwenyewe, kwa boti, amevaa kanzu badala ya koti, na kabla ya kumwona mzee nyumbani alikaa kibandani kwa wauza kahawa kwa muda mrefu, akieleza kwa sauti ya kusikika kwamba kosa lilikuwa la mashine na lake. Huo ulikuwa wakati pekee mtu yeyote wa hospitali ile alipotamka neno "langu". Mzee alivuka naye. Tezi ilitibiwa. Njia ya kwenda msikitini ikarudi ile ya mbele.

Na Warda alijifungua salama miezi yake ilipotimia, mtoto wa kiume mwenye sauti. Siku ya arobaini akawaalika wote kwao, pale nyuma ya soko. Babu wa mtoto aliwakaribisha wageni na kuwasimulia jinsi hospitali yetu siku hizi ilivyoendelea: mashine ndogo kama kiganja, lakini ikaona moyo ambao hata karatasi haikuuona, na daktari mwenye jicho kali akamwokoa mjukuu wake. Ndiyo maana mtoto akaitwa Majid.

Nusaiba alimtazama Fortunata pembeni, akabana midomo. Fortunata akaomba ampakate. Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyotegemea, ana joto, amekunja ngumi moja kwenye shingo ya Fortunata. Akakaa naye hivyo mpaka sinia la wali likaletwa, na hata lilipoletwa akala kwa mkono mmoja, akisema hamna shida, anaweza.

"Na wewe dada," babu akamuuliza kwa adabu, "pale hospitali unashughulika na nini?"

"Printa," Fortunata akasema, na kusogeza bakuli la mchuzi.